Moto Ukae Wapi Uani?

Kila jioni, jua linapozama upande uendako mto, moshi mwembamba hupanda juu ya mji wetu wa Kisangani. Hupanda Mangobo, hupanda Kabondo na Tshopo, hupanda pia ng'ambo ya mto, huko Lubunga. Chini ya kila moshi pana mafiga matatu au mbabula moja, pana sufuria ya sombe au ndizi za kutwanga lituma, na pana mama aliyeinama. Bwawa la umeme la mto Tshopo lilijengwa katika miaka ya 1950, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville. Lakini hata leo umeme haufiki katika kila nyumba, na pale ufikapo haupo kila saa. Basi kuni na makaa, tuyaitayo makala, ndivyo vitulishavyo.

Mgeni akiingia katika parseli yetu, twamwonyesha mahali pa kukaa. Twampa kiti chema, kivulini, mbali na njia ya kuku. Lakini moto, ulio mgeni wa kila siku na mwenye nguvu kuliko wageni wote, mara nyingi hatuuonyeshi mahali. Twaweka mafiga pale palipokuwa pakavu siku ile ya kwanza, kisha miaka ishirini yapita, na mafiga yangali pale pale. Juma hili twataka kusema nanyi juu ya jambo hilo, nasi hatutasema kama watu wasio na kosa.

Miaka miwili iliyopita, katika mwezi wa Oktoba, mtoto wa dada yetu aliungua katika ua wetu wenyewe. Alikuwa na umri wa miaka mitatu. Mafiga ya Koko, yaani mama yetu mzazi, yalikuwa hatua moja tu kutoka mlango wa nyuma, chini ya ukingo wa bati, kando ya njia iendayo kisimani. Mtoto alikuwa akimkimbia kaka yake katika mchezo. Akajikwaa katika ncha ya ukuni mrefu uliotokeza njiani. Ukuni ukasukuma figa, figa likalala, na sufuria ya maharagwe ikamwagika juu ya mguu wake.

Majirani wakaja mbio kwa upendo. Mmoja alileta mafuta ya mawese, mwingine majivu, wa tatu dawa ya meno. Na sisi, tuliokwisha kusoma vitabu vingi na kufundisha watoto wa watu, tuliushika mguu ule wakati dawa ya meno ilipopakwa. Tulipofika hospitalini ilimpasa mwuguzi kuyaosha yote yale kabla ya kuona jeraha. Wasomaji, kilio cha kwanza cha mtoto kilisababishwa na maharagwe. Kilio cha pili, kilichokuwa kirefu zaidi, kilisababishwa na ujinga wetu.

Mwuguzi alipomaliza kufunga kidonda, hakutuuliza ni nini kilichomwunguza mtoto. Alituuliza hivi: "Moto wenyewe ulikuwa wapi?" Tulijibu, "Mlangoni." Hakusema neno tena. Mtoto alipona, leo akimbia kama wenzake, ila ana kovu tokea gotini hadi kifundoni. Kovu hilo limekuwa mwalimu wetu, na haya yafuatayo ndiyo masomo yake.

Kwanza, mahali pa moto. Tulipopima ua wetu tuliona kwamba mafiga yalikuwa yamekusanya makosa yote pamoja: karibu na ukuta, chini ya paa, na juu ya njia. Moto wa kuni ulio wazi utakiwa kukaa mbali na ukuta wa nyumba, mbali na ua wa mianzi, mbali na lundo la kuni na kamba ya nguo. Mita 3 ni kipimo kizuri cha kuanzia, yaani hatua nne za mtu mzima. Penye paa la majani, ongeza hatua nyingine kadiri uwezavyo. Tena inua macho. Je, juu ya moto pana tawi la mwembe au la mparachichi? Je, pana mchikichi wenye makuti makavu yaninginiayo? Kuti kavu hushika cheche upesi, na ukishika moto juu, huna kamba ya kuushusha.

Mwisho, tazama miguu ya watu. Simama asubuhi moja, uangalie ni njia zipi watoto wapitazo: kutoka mlangoni kwenda msalani, kutoka kisimani kwenda barabarani. Mahali njia hizo zikutanapo si mahali pa moto hata kidogo. Injili yatuambia kwamba usiku ule wa Mateso watumishi waliwasha moto katikati ya ua wa Kuhani Mkuu, na Petro akaketi pamoja nao. Juu ya Petro tumekwisha kusikia mahubiri mengi. Leo tutazame jambo dogo tu, kwamba hata watu wale walijua moto wa uani hukaa katikati ya uwazi, wala hauegemei ukuta.

Pili, tufikiri juu ya upepo na mvua. Mji wetu uko karibu sana na mstari wa ikweta, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Januari na Februari hupungua. Kila mtu wa hapa ajua jinsi mvua kubwa ijavyo: anga la mashariki huwa jeusi, ndege hunyamaza, kisha upepo mkali hutangulia matone kwa dakika chache. Dakika hizo chache ndizo za hatari. Kila kitu kingali kikavu, cheche huruka kwa upepo, nao watu wameacha moto peke yake wakikimbia kuanua nguo. Basi, mbingu ikianza kuwa nyeusi, kazi ya kwanza ni moto, nguo ni ya pili. Nguo iliyolowa itakauka. Nyumba iliyoungua hairudi.

Sasa twafika kwenye jambo lililotuumiza moyo. Tulipomwambia Koko kwamba mafiga lazima yahame, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mafiga haya yamekulisha wewe na ndugu zako. Niliyaweka hapa kwa sababu ya mvua. Nani alinijengea jiko?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeezeka nyumba, tumenunua viti vya sebuleni, hata redio tulinunua. Lakini kwa muda wa miaka ishirini mama yetu alipika chini ya ukingo wa bati, mgongo wake umelowa na moto wake ukiwa mlangoni, kwani hapakuwa na mwanamume aliyesimika nguzo nne kwa ajili yake. Moto ulikuwa mahali pabaya kwa sababu mvua ilimfukuzia pale, na mvua ilimfukuza kwa sababu sisi wana tulilala. Enyi akina baba, msiwakaripie wake zenu na mama zenu kwa kupika mlangoni, ikiwa ninyi hamjajenga penginepo pa kupikia.

Tulijenga kwa siku mbili za Jumamosi. Kazi si kubwa. Nguzo nne za mti mgumu, na paa la bati kuukuu lililoinuliwa juu kupita mkono wa mtu mrefu aliyeunyosha. Pande zote ziliachwa wazi ili moshi utoke, ila upande mmoja ule utokao mvua ulizibwa kwa ukuta mfupi wa matofali. Asiye na bati akitumia majani, ainue paa juu zaidi, na moto aufungie katika jiko la udongo, asiuache wazi chini ya majani makavu.

Kisha tulitengeneza mahali penyewe pa moto. Tulifyeka majani na takataka kuzunguka pande zote hata udongo ukaonekana. Tukachimba shimo la kina cha shubiri moja, tukalitandika udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa, maana udongo huo ukikauka huwa mgumu na wavumilia moto. Mafiga ya Koko tuliyabeba sisi wenyewe, yale yale matatu, tukayakaza ardhini hata theluthi yake ikafukiwa, yasiweze tena kulala. Yeye alisimama akitazama, akatuelekeza ni lipi la kukaa upande upi.

Hapa twawaonya wanafunzi juu ya mawe. Msiokote mafiga mtoni, wala ukingoni mwa mto Tshopo, wala penye maporomoko ya Wagenia. Jiwe lililokaa majini hunywa maji katika vitundu vyake vidogo. Likitiwa motoni, maji yale huwa mvuke, mvuke hutafuta njia, na jiwe laweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande vyenye moto. Chukueni mawe ya nchi kavu, au tumieni matofali yaliyochomwa vema.

Kuzunguka moto, umbali wa mita moja, tulipanga mawe madogo kama duara. Huo ndio mpaka. Mtoto asiyeweza kuchukua ndoo ya maji haruhusiwi kuuvuka. Watoto wetu waliuzoea kwa juma moja, kwani mtoto hutii mpaka anaouona kwa macho kuliko neno "usikaribie" analolisikia mara mia. Ndani ya mpaka, kuni ndefu hazielekezwi njiani. Mipini ya sufuria huelekezwa ndani. Na mama mwenye mtoto mgongoni humkabidhi kwanza kwa dada yake mkubwa. Kikwembe hufungwa barabara, pembe zake zisining'inie, na nguo za nailoni hazivaliwi jikoni, kwa kuwa zikishika moto huyeyuka na kunata ngozini.

Tatu, kuwasha na kuzima. Kuni zilizokauka vema chini ya paa hutoa moshi kidogo na moto mwingi. Kuni mbichi hutoa machozi. Msiwashe kwa mifuko ya plastiki, maana moshi wake ni sumu, na matone yake yaliyoyeyuka huunguza vibaya. Zaidi ya hayo, msimwagie moto esanse, ile iuzwayo katika chupa kando ya barabara na wale tuwaitao Kadhafi. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini usionekane, ukifika kwenye kaa moja hurudi na moto hadi mkononi mwa aliyeshika chupa. Mafuta ya kukaangia yakishika moto sufuriani, msiyamwagie maji, kwani yataruka yakiwaka. Funikeni sufuria kwa kifuniko, ondoeni kuni, na subirini.

Wengi hudhani kwamba kuufukia moto kwa mchanga ni kuuzima. Sivyo. Makaa yaliyofukiwa hukaa na joto kwa saa nyingi, hata kesho yake, na mtoto apitaye bila viatu huyakanyaga asiyaone. Mwagieni maji, koroga kwa kijiti, mwagieni tena. Kisha weka nyuma ya mkono juu yake bila kugusa. Ukisikia joto, kazi haijaisha. Kwa sababu hiyo ndoo ya maji hukaa kando ya moto tangu unapowashwa hata unapozimwa, wala haiazimwi kwa kazi nyingine.

Nne, mbabula. Wenye parseli ndogo, ambao hawawezi kupata hatua nne upande wowote, watumie mbabula ya makala badala ya moto wazi wa kuni. Iwekwe juu ya matofali yaliyo sawasawa, isitikisike. Lakini mbabula ina hila yake. Moshi wa kuni hukufukuza nyumbani kwa kukutia machozi, makala hayakufukuzi. Hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea na kulala, na huenda asiamke. Katika majuma ya mvua wako waingizao mbabula chumbani ili kukausha nguo au kumpasha joto mtoto mchanga, kisha wafunga mlango na dirisha. Twawasihi kwa moyo wote, msifanye hivyo kamwe, hata kwa usiku mmoja. Mtoto mchanga hupashwa joto kwa kifua cha mama yake na kwa blanketi.

Hata moshi ule uonekanao si rafiki. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kwamba moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Jiko lililo wazi pande zake, kuni kavu, na mtoto mdogo kuwekwa mbali na moshi, hayo yapunguza madhara yake. Jiko la udongo lenye mdomo mdogo lapunguza pia kuni. Na yeyote aliyeona jinsi msitu ulivyorudi nyuma kandokando ya barabara zitokazo mjini ajua kwamba hilo ni faida ya wote.

Tano, mtu akiungua. Shirika hilo hilo lakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, na wengi wao ni wa nchi kama zetu. Wahenga walisema, dawa ya moto ni moto. Walisema hivyo juu ya ugomvi wa watu, hawakusema juu ya ngozi ya mtoto. Kwa ngozi, dawa ya moto ni maji.

Nguo ikishika moto, mtu asikimbie, maana mbio huuchochea moto. Mlazeni chini, mviringisheni, au mfunikeni kwa blanketi nzito. Kisha mwagieni mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20, kikombe baada ya kikombe ikiwa hakuna bomba. Ni muda mrefu, na mtoto atalia, msiache. Barafu haifai. Ondoeni nguo, shanga na bangili kabla mwili haujavimba, ila nguo iliyonata katika jeraha iacheni. Sehemu nyingine za mwili mzifunike, mtoto asishikwe na baridi. Funikeni jeraha kwa kitambaa safi kisichonata. Msipake mafuta, majivu, dawa ya meno wala yai, na malengelenge msiyatoboe.

Mpelekeni hospitalini upesi ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe. Au liko usoni, mikononi, miguuni, penye viungo au sehemu za siri. Au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haisikii maumivu. Au amevuta moshi mwingi. Au ni mtoto mchanga. Mwulizeni mwuguzi pia habari za chanjo ya pepopunda.

Jambo moja tena, nalo lahitaji ushujaa. Katika nyumba nyingine yumo ndugu mwenye kifafa, na moto ulio chini ni adui yake mkubwa. Mtu wa namna hiyo asiachwe peke yake jikoni. Apikie katika jiko lililoinuliwa. Na kama akianguka motoni, mvuteni mara moja! Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa kugusa, wala kwa povu la mdomoni. Anayesimama mbali kwa hofu ya uongo huku mwenzake akiungua, ataulizwa neno na dhamiri yake siku zote.

Wasomaji wapenzi, jiko la Koko sasa lasimama katikati ya ua. Jioni, chakula kikiisha, twaketi nje ya mpaka wa mawe, nasi twasikiliza hadithi zake. Mwanzoni alikuwa akinung'unika kwamba ni mbali kubeba chumvi. Juzi mvua ilinyesha kwa nguvu wakati wa kupika. Tukatoka kumtazama, tukamkuta ameketi pakavu juu ya kigoda chake, anapepeta mchele. Alituona mlangoni, akasema, "Ingieni ndani, ninyi ndio mnaolowa." Neno hilo lilitutosha kuwa shukrani, ingawa lilichelewa miaka ishirini kwa kosa letu.

Nanyi wanafunzi, kazi yenu ya juma hili ni hii. Leo jioni, simameni kwenye mafiga ya nyumbani kwenu. Hesabuni hatua mpaka ukutani, inueni macho juu, kisha tazameni njia za wadogo zenu. Mkiona hatua ni chache, msimlaumu mama. Mwendeeni baba kwa adabu, mkamwulize ni lini mtaanza kukata nguzo nne, na mwambieni kwamba mtamsaidia.